Saa Tatu Kamili, Rosenthaler Platz

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Jumamosi tukutane saa tatu kamili, kituo cha Rosenthaler Platz, mlango wa upande wa Brunnenstraße. Tafadhali msichelewe." Ulikuwa umeandikwa na kijana wa Kijerumani aliyekuwa amesoma Kiswahili kwa miaka miwili tu, ukaletwa kwenye simu yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa msafara, nami nikausoma, nikacheka kidogo peke yangu, kisha nikawatangazia wenzangu tisa kwamba tungekutana saa tisa alasiri.

Hoja yangu niliiona haipingiki. Mzungu anayejifunza Kiswahili hutazama saa ya ukutani, huona mshale uko kwenye tatu, naye huandika saa tatu. Nimekulia Tanga, nimewaona wageni wakikosa mabasi kwa kosa hilohilo, na sikuona kwa nini huyu awe tofauti nao. Isitoshe, ni mwanafunzi gani wa chuo kikuu anayewaamsha watu saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi? Hakuna aliyenihoji isipokuwa dada mmoja wa Lindi, ambaye aliuliza kwa upole kama haingekuwa vyema nimuulize mwandishi mwenyewe. Nikamjibu kwamba hakuna haja. Katika majuma sita tuliyokaa Berlin nilisema mambo mengi ya kipuuzi, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka mara nyingi zaidi.

Tulikuwa kumi, wanafunzi wa chuo kimoja cha Dar es Salaam kutoka idara za historia, Kiswahili na ualimu, na tulikwenda Berlin mwezi Julai 2025 kwa kozi ya kiangazi. Habari za viza, barua za benki na foleni sitazisimulia, kwani aliyezipitia anazijua na asiyezipitia atachoka bure. Uongozi nilipewa kabla hatujaondoka, kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma Kijerumani kwa miezi mitatu katika Goethe-Institut ya Dar es Salaam, na wenzangu hawakujua hata kuomba maji ya kunywa kwa lugha hiyo. Nikajiona kidume. Nilitengeneza orodha ya majina, nikagawa vyumba, nikakusanya fedha za mfuko wa pamoja, na kila mtu aliyenishauri jambo nilimsikiliza kwa uso wa mtu ambaye tayari amekwisha kuamua.

Ukweli ni kwamba tulipanda ndege tukiwa watu kumi waliojuana kwa majina na kwa alama za mitihani tu. Sisi wa historia tuliwaona wa Kiswahili kuwa watu wa maneno mengi. Wale wawili wa Pemba walikaa pamoja na kuzungumza kwa sauti ya chini. Kulikuwa na kijana wa Mwanza ambaye alimtania kila mtu, mpaka ikawa vigumu kujua kama ana jambo lolote analolichukulia kwa uzito. Dada wa Lindi alikuwa mkimya, na mimi niliuchukulia ukimya wake kuwa ni woga, kosa ambalo watu wasemaji hulifanya sana.

Tulifika Jumamosi usiku, na asubuhi yake tukagundua kwamba Ujerumani maduka hufungwa siku ya Jumapili. Kila mtu akarudi chumbani kwake kimyakimya kukagua begi. Mimi nilikuwa na korosho gramu mia tano, na ninakiri hapa kwamba nilizila nikiwa nimefunga mlango, huku mwenzangu wa chumba, mmoja wa wale Wapemba, akiwa ametoka kutafuta upande wa kibla. Mnamo saa saba mchana harufu ikaanza kupenya chini ya milango. Kijana wa Mwanza alikuwa jikoni, kwenye jiko la pamoja la ghorofa yetu, akikaanga dagaa wa Ziwa Victoria aliofungiwa na mama yake katika tabaka nne za mifuko ya plastiki. Hakuwa ametuita. Hakuhitaji. Tulijikuta jikoni wote kumi, mmoja akiwa na pilipili ya kusaga, mwingine na kopo la karanga, wa tatu na mkate wa ndege alioupakia mfukoni, nami nikatoka na korosho zilizobaki, nikizibeba kana kwamba tangu mwanzo niliziweka kwa ajili ya wote. Mpemba alizitazama, akanitazama, hakusema neno. Jirani mmoja wa ghorofa ile alikuja kufungua dirisha kwa hasira, kisha akarudi baada ya dakika kumi na sahani.

Kijana aliyeandika ule ujumbe alikuwa ndiye mwenyeji wetu. Alitupokea uwanja wa ndege, akapita kwa kila mmoja wetu akisema "Shikamoo," ingawa tulikuwa rika lake na baadhi yetu wadogo kwake. Tukaitikia "Marahaba" kwa zamu, tukijizuia kucheka, na tangu usiku ule hilo likawa ndilo jina lake: Marahaba. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani. Kompyuta aliiita tarakilishi, na alimaliza kila sentensi kama anayetia sahihi hati. Nilipenda kumsahihisha. Nilimsahihisha matamshi, nikamsahihisha methali, nikamwambia kwamba sisi watu wa Mrima lugha hii tumezaliwa nayo, nikamwacha Mpemba akikohoa, kwa maana yeye ana maoni yake kuhusu mahali Kiswahili kilipozaliwa.

Kisha, siku ya Alhamisi, tulipokuwa tukimsubiri mhadhiri, nilisema kwamba safari ya Leipzig itachukua "masaa mawili." Marahaba akauliza, bila ubaya wowote, kama si sahihi zaidi kusema "saa mbili," kwa sababu walimu wake walimfundisha kwamba wingi wa saa ni saa. Wenzangu wakapiga kelele za furaha kama mashabiki wa Simba na Yanga. Alikuwa sahihi, nami nilijua kwamba yuko sahihi, na jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku iliyofuata ndipo alipotuma ule ujumbe wa saa tatu. Leo ninapoitazama tena Ijumaa ile, naona kwamba sikuusoma ujumbe ule hata kidogo. Nilikuwa natafuta kosa la saa, nikalipata.

Ni haki pia kusema kwamba saa zenyewe zilikuwa zimetuvuruga sote. Sisi tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, na hesabu yetu yote ya siku imesimama juu ya uaminifu huo. Berlin, mwezi Julai, jua huchomoza mapema mno na kuzama baada ya saa tatu usiku. Ukisema "saa tatu usiku" huku mtu anavaa miwani ya jua, unajisikia mwongo katika lugha yako mwenyewe. Mpemba, mwenzangu wa chumba, ndiye aliyeteseka kuliko sote, maana isha ilimwingilia karibu na saa sita usiku na alfajiri ikamfuata baada ya saa chache tu. Mwanzoni kengele ya simu yake iliniudhi. Kufikia juma la tatu nilikuwa naamka nayo, nampashia maji ya chai, tunakaa dirishani tukitazama mbingu inayokataa kuwa nyeusi. Mambo aliyonieleza kwenye dirisha lile, juu ya baba yake na juu ya mwaka aliotaka kuacha chuo, si ya kuandikwa hapa.

Jumamosi basi tulilala. Simu yangu niliizima ili nipumzike vizuri. Saa nane na nusu mchana tukapanda treni ya chini ya ardhi, U8, kutoka Osloer Straße, vituo vitano tu, tukashuka Rosenthaler Platz saa tisa kasorobo, nami nikawaambia wenzangu waone jinsi tunavyowafundisha Wajerumani kuwahi.

Marahaba alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na chupa ya chai ya rangi ya buluu, na katika mfuko wa shati zilionekana tiketi mbili za siku nzima, kila moja ya watu watano, alizozinunua kwa fedha yake. Alikuwa amefika pale kabla ya saa tatu asubuhi. Alisubiri mpaka saa sita, akanipigia simu mara nane, akaenda kwake, akala, kisha akarudi.

"Nilifikiri," alisema, akichagua maneno polepole, "labda wamedhani sijui kuhesabu saa."

Hapakuwa na lawama katika sauti yake. Ingekuwapo ningeweza kujitetea. Nilisimama pale, watu wakitupita na baiskeli zao, na kitu cha kwanza kilichonitoka kinywani kilikuwa, "Dah, pole sana, ndugu yangu."

Dada wa Lindi akageuka. "Kaka," aliniambia, "pole hupewa mtu aliyeumizwa na mwingine, au na ugonjwa, au na mvua. Huyu umemuumiza wewe. Pole yako ya nini?"

Nimezungumza Kiswahili tangu nilipojua kuzungumza, na nadhani sijawahi kuisikia tofauti hiyo ikisemwa wazi namna ile. Tunaitumia pole kila mahali: kwa aliyejikwaa, kwa aliyefiwa, kwa anayetoka kazini. Ni neno zuri, lenye huruma, na uzuri wake ndio unaolifanya liwe maficho mazuri ya mkosaji, kwa kuwa linamweka msemaji pembeni, kama shahidi aliyepita njia. Nisamehe haina pembeni. Mwenye kulisema ameshajitaja.

Nikamwambia Marahaba, "Nisamehe. Nilielewa ulichoandika, nikaona haiwezekani uwe sahihi." Nusu ya kwanza ilikuwa rahisi, nusu ya pili ilitoka kwa shida kama jino. Yeye akanijibu "Nimekusamehe," neno zima, bila "usijali" wala "hamna tabu," pengine kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha njia zetu za kulikwepa. Kisha akatumiminia chai ya tangawizi katika vikombe vya karatasi. Ilikuwa imepoa kabisa. Tuliinywa yote.

Jambo alilotaka kutuonyesha asubuhi ile lilikuwa hatua chache kutoka pale, mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße: kipande cha shaba, sentimita kumi kwa kumi, kilichopachikwa katikati ya mawe ya njia ya miguu. Wajerumani wanaviita vipande hivyo mawe ya kujikwaa, na huviweka mbele ya nyumba walizoishi watu walioteswa na kuuawa na utawala wa Hitler. Hiki kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe akatumikia jeshi hilo utotoni katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikwenda Berlin mwaka 1929, akadai malipo ya utumishi wake na wa baba yake, akanyimwa, akabaki. Alikuwa mhudumu wa mezani, akaigiza katika filamu, na akafanya kazi ya kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha jiji hilo. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Tulisimama kulizunguka jiwe lile tukiwa kumi na mmoja. Nilifikiria kazi ya mtu yule, kukaa darasani akiwasikiliza vijana wa Kijerumani wakihesabu saa kwa Kiswahili, na kuwasahihisha pasipo kuwadharau, katika nchi iliyokuwa ikimdharau yeye. Kijana wa Mwanza, yule asiyekosa utani, alichutama akaifuta shaba kwa kiganja cha mkono mpaka ikang'aa. Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipofika kona.

Jioni ile, jikoni, nilivuliwa uongozi. Hapakuwa na ugomvi. Mmoja wa kikundi cha Kiswahili aliinua jambo hilo huku akimenya kitunguu, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na dada wa Lindi akapata tisa. Ya kumi ilikuwa yake mwenyewe, ambayo hakuipiga. Mkono wangu niliunyoosha, nikiwa na uchungu ambao haukuisha usiku mmoja, maana ni jambo moja kukiri kosa mtaani na jambo jingine kukabidhi daftari la fedha. Nilipewa kazi ya ugali. Unga wa mahindi tulioupata karibu ulikuwa ule wa njano wa chengachenga ambao wao hupikia chakula cha Kiitaliano, nao hukataa kushikana ukiusonga kwa haraka. Inabidi uuloweke kwanza, kisha uusonge taratibu, na mwiko wetu wa mbao ulivunjika juma la pili. Nilijifunza kuusonga. Kufikia mwisho wa Julai Wapemba, ambao kwao ugali si chakula cha kutamaniwa, walikuwa wanaongeza.

Chini ya uongozi mpya tulikwenda polepole zaidi na tukaona mengi zaidi. Dada wa Lindi alikuwa na mazoea ya kuuliza kila mtu kabla ya kuamua, jambo ambalo mimi ningeliita kupoteza muda, na matokeo yake ni kwamba watu walianza kusema walichokuwa wanakitaka. Wapemba walitaka kwenda Wedding, sehemu mojawapo ya Berlin, kuona mtaa unaoitwa Sansibarstraße. Tukaenda, wakapiga picha chini ya kibao huku wakibishana kama jina hilo linaihusu Pemba au haliihusu. Karibu na hapo kuna barabara ambayo kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la Peters, na ambayo tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Kwa sisi tuliomsoma Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, kama "Mkono wa Damu" tangu shuleni, kukiona kibao kile kilikuwa kitu cha kushangaza. Hapo ndipo mmoja wetu alipokumbusha kwamba rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea mwezi Novemba 2023 aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya. "Hakusema pole," alisema kijana wa Mwanza, akinitazama mimi. Wote wakacheka, na mimi nikacheka pia, na nadhani siku hiyo ndipo mambo ya Rosenthaler Platz yalipoacha kuniuma.

Jumba la makumbusho ya viumbe la Berlin tulilokusudia kwenda Jumamosi ile tulikwenda siku ya katikati ya juma. Ndani ya ukumbi wake mkubwa kumesimamishwa mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, urefu wake mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wote tuliijua habari hiyo kama swali la mtihani. Dada wa Lindi aliingia, akasimama chini ya mbavu, akainua uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemkuta jirani sokoni, "Kumbe uko huku."

Kisha akafanya jambo ambalo sisi wengine hatukulifikiria: aliitazama mifupa kama mzigo. Alitaka kujua mfupa wa paja mmoja ungebebwa na watu wangapi. Alituuliza kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi mtu mwenye mzigo kichwani angetembea siku ngapi, akajijibu mwenyewe kwamba kwa njia za kule, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, si chini ya siku tatu au nne, na mizigo ilikuwa maelfu. Akaanza kutafuta majina ya wachimbaji na wapagazi. Marahaba ndiye aliyetutajia Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa Kiafrika, fundi wa kuifukua na kuiandaa mifupa ile, ambaye wataalamu wa Kijerumani walimtegemea msimu hadi msimu. Mimi, mwanafunzi wa historia wa mwaka wa tatu, sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Nikatoa daftari nikaliandika, nikamuuliza Marahaba linavyoandikwa, naye akanitajia herufi moja baada ya nyingine.

Ubishi wa kama mifupa irudishwe au ibaki tuliuanzia pale, tukauendeleza kwenye treni, na haujaisha mpaka leo katika kundi letu la WhatsApp. Dada wa Lindi, ambaye mngedhani ndiye angepiga kelele zaidi, alisema tu kwamba kabla ya kuuliza itakaa wapi angependa kuona barabara ya kufika Tendaguru ikiwa imetengenezwa, ili mtoto wa Lindi aweze kwenda kuona shimo ilimotoka. Kijana wa Mwanza alimpinga kwa hoja saba, zote za maana. Sikuwa nimejua kwamba anazo.

Tuliporudi Agosti tulitawanyika, kama ilivyo kawaida, na sitadai kwamba wote kumi tumebaki marafiki wa karibu. Wawili sijawasikia tangu uwanja wa ndege. Mpemba hunipigia usiku, saa ambazo mtu mwingine nisingempokelea. Dada wa Lindi yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, na nikimtumia andiko langu lolote hulirudisha na maswali.

Mwezi Septemba Marahaba alipata likizo akaja Tanzania kwa fedha alizodunduliza, na akiwa Dar es Salaam akaniandikia: "Nitafika Kange Alhamisi saa tisa." Niliupeleka ujumbe huo kwenye kundi jinsi ulivyo, bila kuongeza neno, na kijana wa Mwanza akauliza kama ni saa tisa ya alasiri au ya usiku wa manane, na kama nimefanya utafiti wa kutosha.

Nilifika Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, saa nane. Basi liliingia saa kumi na robo, limejaa vumbi. Alishuka akiwa na begi mgongoni, akamwamkia shikamoo mzee wa bajaji aliyekuwa wa kwanza kumkimbilia, akaitikiwa kwa furaha, kisha akaniona. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai. Ilikuwa bado ya moto.